Punje ya Wali kwenye Picha ya Arame Gueye

Ya kuzaliwa kwa marehemu niliambiwa na mama mkwe wangu Fatim, Mungu amrehemu, na kwa kuwa kusoma sikujaliwa nitasema kwa mdomo tu, mtanivumilia. Alisema mume wangu, Birane Seck, alizaliwa hapa hapa Saint-Louis, mtaa wa Sindoné, mwaka mto ulipoingia majumbani watu wakawa wanapika juu ya vitanda, na serikali ikaandika yapata 1941. Chuo cha Kurani alimaliza, shule ya Wafaransa aliiacha darasa la tatu, akaenda kwa mjomba wake kujifunza kuchora kwenye kioo, kazi iliyotulisha mpaka mwisho.

Kioo, mnajua wenyewe, kinachorwa kwa nyuma kikatazamwa kwa mbele, unaanza na vitu vidogo, mboni, heleni, ndipo uso, halafu ukuta, na ulichotanguliza hakifunikiki tena, labda uvunje.

Alinioa mwaka 1966, yeye Seck na mimi Gueye, koo mbili za watani, hata siku ya harusi shangazi zake wakanipokea, "Mjakazi wetu kaja mwenyewe kwa miguu yake!" nami nikajibu, "Nimekuja kuwapikia, maana Seck akiona sufuria anasahau jina la mama yake." Watoto Mungu alituachia wanne, Madické, Soda, Thierno na Awa, ndio hawa mnaowaona.

Sasa nifike kwenye lililomuuma. Arame Gueye, yule mwandishi, binti wa baba yangu mdogo, alikua na Birane mtaa huu, na hata alipohamia Ufaransa, kila akija alianzia mlangoni kwetu, "Seck, mlafi wewe, umenibakishia ukoko?" naye, "Mjakazi, nani kakuruhusu uvae viatu?" majirani wanatoka kucheka. Mwaka 1998 wakubwa wa mji walitaka kuipa shule jina lake, wakamwagiza Birane picha yake, naye akatanguliza punje ya wali kidevuni, yaani mlafi ni Arame, kabla ya macho, kabla ya kitu chochote, ndipo akamchora Arame kuizunguka. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mkubwa mmoja alipokuja kuiona hakucheka. "Mzee Seck, huyu ni mtu wa dunia nzima, unamwekea makombo? Futa."

"Haifutiki, bwana."

"Basi chora nyingine."

Nikamwambia mume wangu asikubali, Arame ni wetu, akasema, "Ngoné, pengine kweli ameshakuwa mtu mwingine," akaivunja uani, akachora ya pili, safi, kavu kama picha ya pasipoti.

Siku ya sherehe Arame alikuja amekonda, hakuna aliyejua kuwa anaumwa, akaisogelea ile picha, akaitazama kona kwa kona kama mtu aliyepoteza sindano, kisha akamgeukia. "Seck, utani wangu uko wapi? Kule kote wananiita Mheshimiwa, hakuna hata mmoja wa kuniita mjakazi. Na wewe umeanza?"

Wakubwa wamesimama pale, mume wangu akainamisha kichwa, akasema, "Karibu nyumbani, Mheshimiwa."

Arame alirudi Ufaransa, akafa kabla ya mvua, wakamzika huko huko. Tangu hapo Birane hakumtania Gueye tena, hata mimi, nikimchokoza ananijibu vizuri, na kujibiwa vizuri na mtani wako ndani ya nyumba yako, jamani, ni upweke mkubwa. Aliniambia mara nyingi, jibu lilikuwa ulimini, akalimeza.

Sukari ilimshika, ikamla mguu, akafariki Jumatatu ya wiki iliyopita alfajiri, mkono wake ndani ya wangu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika siku zote hizi, na wachoraji wenzake mliobeba jeneza.

Ila nyie akina Gueye mliojipanga hapo ukutani, nimewaangalia tangu asubuhi, mmekaa kimya, mikono mapajani, mnampa heshima. Msimpe. Aliyempa mtu heshima siku asiyoihitaji ni yeye, na ilimtafuna miaka yote hii. Mtanieni, mtukaneni, mchekeni aone haya huko aliko, nani anaanza?

Nyie watoto mnaosinzia mkekani, kalaleni, haya ni ya wakubwa. Nawe Birane, pumzika kwa amani, na usiwamalizie wenzako chakula.