Masikio ya Ndala Katika Banda la Gaudens

Risala ya wanachama kwa Afisa Utamaduni wa Wilaya, Nachingwea, Agosti 2007

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Utamaduni wa Wilaya,
Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,
Wazee wetu, majirani na wanachama wenzetu,

KARIBU SANA

Tumefurahi kukuona, dada yetu, na tunasema hivyo bila kinyongo. Barua yako ya mwezi Machi ndiyo iliyotukutanisha. Kabla yake tulikuwa wateja tu wa banda la video, kila mmoja na tikiti yake. Banda lilipofungwa ndipo tulipoanza kuulizana habari za nyumbani. Kiti ulichokalia ni cha Mzee Isihaka, ambaye hajawahi kumwazima mtu, na leo amesimama kwa hiari yake.

TULIKOTOKA

Banda ni la ndugu yetu Gaudens, fundi redio. Zamani alichimba dhahabu Namungo kwa miaka minne, mpaka shimo lilipomwangukia na kumwachia mguu unaochechemea. Aliapa hatarudi tena chini ya ardhi. Mwaka 2001 akafungua banda, na kwa mara ya kwanza mkewe Eva akawa analala bila kuhesabu saa.

Jirani wa banda ni Mama Scholastika, muuguzi mstaafu. Kati ya ukuta wake na ukuta wa banda hapiti hata kuku. Alivumilia miaka sita. Februari mwaka huu alipopata mjukuu, alikuja mlangoni, akasema kwa upole, "Gaudens, mwanangu, vita hivi vinapiganwa sebuleni kwangu. Mtoto anashtuka, mama yake hapati usingizi. Mimi nimechoka."

Gaudens aliomba radhi, akapunguza sauti. Sisi wa viti vya nyuma tukapiga miluzi, akaipandisha tena. Kosa lile lilikuwa letu, na tunalikiri mbele ya mama huyo, ambaye leo ni mwanachama. Yeye alikuandikia, wewe ukaja ukasikia mwenyewe, ukafunga. Uliandika kwamba banda litafunguliwa siku itakapothibitika kuwa sauti haitoki nje. Hatukuona uonevu hapo.

 Lakini siku ya nne Eva alimkuta Gaudens uani anaitia mpini mpya sururu yake ya zamani. Hakumuuliza anakwenda wapi. Alikuja kwetu huku analia.

TULICHOFANYA

Dawa ilitoka kwa Eva huyo huyo. "Kwani lazima sauti ipite kwa jirani?" alituuliza. "Si iende moja kwa moja masikioni mwa anayeitaka?"

Gaudens akaiweka sururu chini. Aliunganisha kompyuta moja na hedfoni kumi na sita, nyingine zikiwa zimefungwa kwa raba za baiskeli. Kelele zikaisha, na raha nayo ikaisha. Mzee Isihaka alivua yake baada ya dakika tano. "Picha iko mbele yangu, sauti iko katikati ya ubongo," alisema. "Ni kama mbu kaingia akakosa mlango."

Gaudens alitueleza kwa lugha yetu. Mtu akikuita kutoka kushoto, sikio la kushoto hupata kwanza. La kulia hupata baadaye kidogo, tena kwa unyonge, kwa sababu kichwa kimeziba njia. Mikunjo ya sikio ndiyo inayokuambia kama yuko mbele au nyuma. Ipo programu ya kompyuta inayoigiza hayo yote ndani ya hedfoni, hata ukadhani umezungukwa na spika. Ila inataka vipimo vya kichwa, na vile vilivyokuja nayo vilikuwa vya kichwa cha mtu tusiyemjua. Tukaamua kupima cha kwetu.

Kipriani wa Marambo, mchonga vinyago wa Kimakonde tangu kwa babu yake, alituchongea kichwa cha mti. Tukatia maiki mbili za redio kaseti kwenye matundu ya masikio, tukakiweka juu ya stuli katikati ya uwanja wa mpira, mbali na kuta zinazorudisha sauti. Tulichomeka vigingi kumi na viwili kukizunguka, hatua tatu kutoka kwenye stuli. Gaudens akachechemea kigingi hadi kigingi na spika ndogo inayotoa mlio mmoja mfupi, kompyuta ikirekodi kwa betri ya gari.

TULIPOKWAMA

Siku ya kwanza jogoo wa jirani aliwika katikati ya kipimo cha kigingi cha tatu, nasi hatukujali. Jioni tulipojaribu picha, kila bastola iliyolia upande wa kulia ilifuatwa na jogoo. Tulipima upya.

La pili lilitutesa zaidi. Farasi wakija mbele kwenye picha, tulisikia wanatoka mlangoni. Watu waligeuka mpaka shingo zikauma, na Mzee Isihaka akakigeuza kiti chake kuuelekea mlango. Mama Scholastika alikuja kuchungulia, akacheka, kisha akawa mkali. "Nimepima masikio ya watoto miaka thelathini. Mnapimaje mtu bila kumfunga macho?" Akatufunga kanga mmoja mmoja, akatupa fimbo tuelekeze sauti inakotoka. Katika milio kumi na miwili tulipatia mitano.

Akakikagua kile kichwa. "Kipriani, masikio haya mbona yamelala kama chapati?"

"Ndiyo masikio yetu hayo," alijibu Kipriani. "Babu alichonga hivyo, wateja wanapenda. Kichwa hakina tatizo, tatizo redio yenu."

Siku mbili hakuonekana. Siku ya tatu alimkalisha Gaudens kwenye kivuli cha banda, akamtazama masikio asubuhi nzima, akayachonga upya, mikunjo yote, kwa mpira wa ndala kuukuu, laini kama ngozi. Hajasema mpaka leo kwamba alikosea, nasi hatujamuuliza. Tulipoyabandika masikio ya ndala kwenye kile kichwa na kupima upya, Mama Scholastika alipatia milio kumi na mmoja kati ya kumi na miwili.

Ilibaki midomo. Mtu aliyevaa hedfoni hajui kwamba anapiga kelele, na adui akinyata nyuma kila mtu humwonya. Sasa kila mtazamaji hupewa kipande cha muwa, na anayetafuna hapigi mayowe.

TUNACHOOMBA

Tunaomba sahihi yako tu. Vijana wa Namungo wameshampigia Gaudens simu mara mbili, shimo lipo na wanamsubiri. Hajawajibu. Amesema atawajibu leo ukishaondoka, na Eva amesikia.

Mungu akulinde njiani, akupe afya na kazi njema. Kabla hujanyanyuka, tunaomba ugeuke. Banda liko nyuma ya kiti chako, hatua kumi, na mlango tumeuacha wazi kwa makusudi. Ndani wamo wanachama wenzetu kumi na sita na Gaudens. Tangu tulipokuambia karibu sana, wanaangalia picha ya vita, na sasa hivi mizinga inalia.

Wao waliomo mle, na sisi tuliosimama hapa,
ni Kikundi cha Sauti Tulivu, Nachingwea.