Maisha ya Mwoka Mikate na Pampu Yake ya Kahawia

Ndugu wafiwa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu, familia imenituma mimi dada yake niwasomee maisha ya mdogo wetu, na kwa kuwa kaka yetu mkubwa amenisihi niseme alifariki ghafla kwa kubanwa na kifua, natangaza mapema kwamba alikufa kwa pumu, na hapakuwa na ghafla yoyote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama, akiwa kitinda mimba wetu, akalia kwa sauti iliyowaudhi wapangaji wote, akasoma shule ya jirani, akamaliza sekondari mwaka 1997 na cheti cha kawaida kabisa na maringo ya mwenye shahada mbili.

Mwaka 1999 aliajiriwa kuoka mikate, kazi aliyoipenda kupita kiasi, na katika chumba kile cha tanuri, chenye dirisha moja lililozibwa na magunia, bosi wake, ninayemwona hapo mbele na miwani yake ya jua, aliwafundisha kukung'uta kila gunia tupu juu ya meza ili unga usipotee hata chembe, hivyo mwoka hodari akatambulika kwa kope nyeupe, na barakoa ikawa vazi la waoga.

Alifunga ndoa tarehe 9 Septemba 2006 na wifi yangu, fundi cherehani, wakajaliwa binti mmoja mwaka 2009, aliyerithi macho ya baba yake na, kwa bahati mbaya, kifua chake.

Ugonjwa ulianza mwaka 2013, na daktari wa kifua, mama mwenye subira ambayo hatukuistahili, alitueleza kwamba unga si adui, ila kinga ya mwili wake iliamini imevamiwa, ikatuma ujumbe kwenye kuta za njia za hewa, nazo kuta zikatii bila kuuliza, zikatengeneza kohozi zito la kumfukuza mvamizi asiyekuwapo, mpaka njia zikaziba, na kwamba pampu ya bluu ya kuvuta dawa hulegeza misuli iliyobana lakini ujumbe unaendelea kutumwa, inayoutuliza ni ile ya kahawia, ya kila siku, hata ukijisikia mzima.

Kaka yetu, tunayemwita Daktari kwa sababu aliwahi kuuza sabuni kwenye duka la dawa, aliitikia kwa kichwa kwa heshima, kisha nje ya mlango akamwambia mgonjwa, wifi akisikia, kwamba hiyo ya kahawia ukivuta husikii kitu, hewa tupu hiyo, itunze kwa siku mbaya. Basi marehemu akaigeuza tiba juu chini, bluu kutwa, kahawia kabatini nyuma ya glasi za harusi, na kila alipotoa kohozi Daktari alishangilia kwamba uchafu unatoka, kumbe mwili ulikuwa unatengeneza jingine. Inaniuma, na itaendelea kuniuma.

Alifariki Jumapili tarehe 2 Juni 2024, asubuhi, garini, njiani kwenda hospitali, pampu ya bluu mkononi.

Tunawashukuru daktari wa kifua, jirani aliyeendesha gari, na waokaji wenzake waliokuja leo wamenawa kope, tunamshukuru bosi kwa shada kubwa la maua, ingawa dirisha lililo wazi lingetosha, na kaka yetu kwa kukodi viti.

Viti hivyo vikipangwa jana, Daktari alimwambia binti wa marehemu, mnayemsikia akikohoa huko nyuma, aipumzishe pampu yake ya kahawia mpaka msiba uishe, akaitia mfukoni mwake, nami nimeitoa humo mfukoni, hii hapa. Mwanangu, njoo uvute mbele ya baba yako na mbele ya baba yako mkubwa, tutakusubiri.

Asante, mwanangu, nenda ukae.

Nawe mdogo wangu, pumzika, huyu simwachii kaka.