Dinah Iveson wa Josho la Mawe

Marehemu Dinah alizaliwa tarehe 14 Machi 1898 katika shamba la Cold Garth, bonde la Swaledale, mtoto wa pili wa Septimus na Thomasin Coates.

Alisoma shule ya kanisa hadi miaka kumi na miwili, kisha akaachishwa ili achunge kondoo. Kusoma alikupenda, kunyamaza hakujaliwa.

Kila Juni, kabla ya kukata sufu, alikwenda na majirani kwenye josho, zizi la mawe kando ya kijito kilichozibwa hadi maji yamfike mtu kifuani. Wanakondoo hufungiwa ng'ambo, ili mama zao wakitoswa majini waogelee kuwafuata. Mwaka 1921 Mzee Anthony Iveson, mbishi kupindukia, aliwafungia upande uleule wa mama zao.

"Mzee, watageuka hao!" Dinah alimwonya.

"Koma, binti wee! Nimeosha kondoo kabla mama yako hajaolewa."

Haya, wakageuka. Wakiwa wazito kwa sufu iliyolowa, walimpanda Matthias, mwanawe Anthony, aliyesimama majini akiwasugua. Akazama, akaibuka, akazama tena. Wanaume wakawachapa kondoo fimbo, nao wakazidi kumkanyaga.

"Mwanangu! Jamani, mwanangu!" Anthony alilia.

Dinah alinyakua mwanakondoo, akavuka mbio juu ya ubao, na huko ng'ambo akamfinya sikio. Mwanakondoo akalia. Matthias haonekani. Dinah akafinya tena, naye mwenyewe analia, hadi kondoo mmoja akageuza kichwa akaogelea kwake, na wenzake wakamfuata. Matthias alivutwa nje akitapika maji, hai.

Walifunga ndoa tarehe 8 Oktoba mwaka uleule.

"Umeniokoa, basi nilishe," Matthias alimposa hivyo.

"Nitakulisha. Ila baba yako asikanyage tena joshoni!"

Mzee akakubali bila ubishi, na hilo halikuwahi kuonekana bondeni.

Januari 1974 Dinah alipatwa na kiharusi kikamnyang'anya usemi, yeye msemaji vile! Iliuma kumtazama. Alifariki nyumbani tarehe 2 Machi, Matthias akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto Ralph, Edmund na Agnes, anayewasomea haya, wajukuu tisa na kitukuu mmoja. Angemtii mzee siku ile, sote tungekosa kuzaliwa, wala hakuwahi kutusimanga. Mola ampe mapumziko mema.