Mama Minza na Michembe Iliyopigwa Marufuku

Wasikilizaji wapendwa, mwangaluka. Popote ulipo asubuhi hii, Lalago, Kasoli au hapa Bariadi mjini, sogeza redio karibu. Leo tunamkumbuka Mama Minza Bujiku. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na nane. Jumamosi tukamzika kwao Ipililo.

Mama Minza alikuwa mkaushaji wa viazi vitamu. Ndiyo kazi aliyoifanya tangu akiwa binti. Viazi vikishachimbwa, alivimenya, akavikata vipande na kuvianika juu ya majabali ya Ipililo mpaka vikakauka kabisa. Hiyo ndiyo michembe, na wewe msikilizaji wa Simiyu huhitaji kuelezwa. Aliwalea watoto watano kwa kazi hiyo.

Binti yake mkubwa, Violeth, aliniambia, "Mama alikuwa anaamka kuangalia mawingu kabla ya kutuangalia sisi. Tulikuwa tunalionea wivu jua."

Miaka kumi na moja iliyopita, yeye na mumewe, Mzee Sylvester, walihamia hapa mjini. Mama Minza akaweka meza karibu na shule moja ya msingi. Lakini watoto wa mjini hawakutaka michembe ya kuchemsha na karanga. Walitaka kitu cha kutafuna, chenye chumvi, kama vile vya kwenye pakiti. Naye alikuwa mtu wa biashara. Akaanza kuikaanga michembe kwenye mafuta mengi, kisha akainyunyizia unga mwekundu wa kiungo alioununua dukani. Watoto wakamiminika. Kengele ya mapumziko ikilia, meza ilikuwa haionekani kwa vichwa.

Aliuza michembe hiyo myekundu kwa miaka miwili. Nawaomba mkumbuke hilo, wasikilizaji wapendwa. Miaka miwili.

Mzee Sylvester ndiye aliyekuwa anaionja kila siku, karai kwa karai. Siku moja akaanguka uani. Zahanati wakampima, presha ikawa juu sana. Muuguzi akamuuliza anakula nini. Kesho yake Mama Minza akarudi zahanati peke yake, na kopo la ule unga mwekundu mkononi. Akamwomba muuguzi amsomee maandishi madogo ya ubavuni, maana miwani yake ilikuwa imevunjika. Neno la kwanza lilikuwa chumvi. Halafu sukari. Halafu majina ambayo muuguzi mwenyewe alishindwa kuyatamka.

Mzee Sylvester anakumbuka mkewe aliporudi nyumbani. Aliliweka kopo mezani, akasema, "Wewe nikupikie tofauti, halafu watoto wa watu niendelee kuwauzia hiki?"

Akaacha siku hiyohiyo. Akarudia michembe ya kuchemsha. Watoto wakahamia meza nyingine, na kwa miezi mingi hali ya nyumbani ilikuwa ngumu. Violeth anakiri kwamba alimsihi mama yake arudie ile myekundu, walau kidogo. Mama aliendelea kumenya viazi.

Sasa sikilizeni kilichotokea mwaka uliofuata. Bwana Josia, ofisa lishe, kijana msomi, aliitisha kikao cha wazazi na wauzaji pale shuleni. Alisema vyakula vyote vilivyosindikwa vina madhara, hivyo havitauzwa tena karibu na shule. Akasoma orodha: soda, biskuti, juisi za unga, soseji. Halafu akasoma maziwa ya mgando. Halafu akasoma michembe.

Mama Minza akasimama. Nilikuwepo, nilikwenda kuchukua habari. Akamwita ng'wanone, yaani mwanangu. Akamuuliza kama ugali wa dona haukupita mashineni. Akamweleza kwamba kukausha ni kusindika, na kugandisha maziwa ni kusindika, na kwamba bila hivyo Wasukuma tusingevuka miaka ya njaa.

Bwana Josia naye hakuwa mtu wa kunyamazishwa. Alikuwa amefanya utafiti wake. Akamuuliza mbele ya kikao kizima, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, si wewe uliyekuwa unauza ile myekundu?"

Mzee Sylvester aliangalia chini.

"Ndiyo, ni mimi," alisema Mama Minza. "Niliuza miaka miwili, na mume wangu akaugua. Ndiyo maana najua tofauti. Kiazi ni kilekile. Uliza kimeongezwa nini."

Hakuna aliyecheka. Bwana Josia akavuta kiti, akamwomba akae karibu naye, wakaipitia orodha upya, chakula kimoja baada ya kingine. Michembe ikarudi. Mgando usio na sukari ukarudi. Soda na juisi za unga zikabaki marufuku, na michembe ya kukaanga yenye unga mwekundu ikaongezwa. Mama Minza mwenyewe ndiye aliyeitaja. Kuhusu biskuti hawakukubaliana. Yeye alisema biskuti ya sikukuu haijamuua mtu, na waliendelea kubishana kila walipokutana.

Jumamosi, kule Ipililo, Bwana Josia alipewa nafasi ya kusema. Alisema maneno machache. "Nilikuja kumfundisha. Nikaondoka na kazi ya kurudia."

Kwa Mzee Sylvester, ambaye leo presha yake imetulia na bado analima. Kwa Violeth na wadogo zake. Kwa ukoo wote wa Bujiku, poleni sana. Mkoa mzima unajivunia mama yenu. Bwana ampumzishe kwa amani.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujitazame. Wengi wetu tunauza kitu. Mwingine chakula, mwingine dawa, mwingine maneno, kama mimi hapa. Mama Minza aliulizwa mbele za watu, akajibu ndiyo, ni mimi. Tukiulizwa sisi, tutajibuje?