Gari la Masele: Limekufa au Limezimia?

Benchi la kijiwe chetu cha Kiseke lina miguu mitatu na tofali moja, na tangu soko huria lituletee magari ya mitumba, limekaliwa na mafundi wengi kuliko gereji zote za Mwanza. Asubuhi hiyo Masele, dereva aliyepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba, alikuwa akilitazama gari lake la kubebea nyanya. Fundi wa mtaani alikwishafungua injini kwa mbele, akakuta cheni ya taimingi, ile inayopatanisha mwendo wa vali na pistoni, imekatika, akatangaza msiba. Saa nne angekuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Masele hakuwa na riziki nyingine, na roho ilimuuma.

— Cheni ni cheni, alisema Chenge, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Weka ya baiskeli, unga, washa!

— Wewe umesomea wapi? alidakia Rugemalira, karani mstaafu wa Bukoba, ambaye kwa usomi wake tunamwita Nshomile. Suala ni umri. Limetembea kilomita ngapi, Masele?

— Mita ilifika mwisho ikarudi sifuri. Sasa inasoma elfu arobaini.

— Basi ni jipya! alipaza Redio. Limeokoka! Dhambi za zamani hazihesabiwi.

— Jipya wapi! alisema Nshomile. Huyu katia maji ya ziwa kwenye rejeta. Magugumaji yameota humo, yameikaba cheni. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Tembo na rejeta wapi na wapi?

— Maji si ni maji?

— Mjomba wangu, alisema Redio, alifunga kamba ya mgomba mahali pa cheni, akafika Kampala.

— Na mteremko ulimsaidia mpaka Kampala?

Masele aliwapenda sana watu hawa, ila leo alitamani mmoja wao aseme jambo la kweli.

Hapo akatokea binti mwenye ovaroli, mikono ina grisi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba!

— Naitwa Immaculata, fundi wa gereji ya parokia. Mama Dorotea kanituma nimwone mumewe, mzee Masele. Mzee, lilizima likiwa mwendoni?

— Hapana, mwanangu. Lilikuwa limesimama Kisesa, linanguruma tu, napakia nyanya.

— Hiyo ni heri, injini haikuwa na kasi ya kujivunja. Mkafanya nini?

— Lilipovutwa hadi hapa, tukalisukuma liwake! alisema Redio kwa fahari. Sisi wote, mara sita, mpaka jasho!

— Likiwa kwenye gia?

Nshomile akachungulia kikombe chake cha kahawa, nacho kilikuwa kitupu.

— Gia ya pili, Masele alisema polepole. Nilikuwa ndani mimi, naachia klachi.

— Basi kila mliposukuma, magurudumu yaliizungusha injini isiyo na cheni, na pistoni zikazigonga vali. Vali zimepinda. Pistoni zikiwa nzima, linapona. Zikiwa zimetoboka, uza. Siwezi kujua mpaka nifungue kichwa cha injini.

Aibu ilimshika Masele. Miaka ishirini na moja ya usukani! Lori la vyuma chakavu likasimama, na mwenyewe akashuka na minyororo.

— Rudi, ndugu yangu, Masele alimwambia. Gari hili nimeliumiza mwenyewe, nitaliuguza mwenyewe.

Redio na Nshomile walikunja mikono ya mashati, wakazunguka nyuma ya gari kulisukuma hadi parokiani. Masele akaingia ndani, akatoa gia.