Mzee Usizime Anastaafu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, fundi wetu wa kompyuta anastaafu. Hapa kliniki, kuanzia mlinzi mpaka mganga mkuu, sote tunamwita Mzee Usizime.

Aliingia kama fundi umeme, wa kubadilisha balbu na kufukuza panya kwenye dari. Kompyuta zilipoletwa akajifunza mwenyewe, akawa mlezi wa seva, ile mashine inayotunza kadi za watoto wote. Mashine yenyewe imechoka. Siku moja umeme ulikatika, ikagoma kuwaka mpaka kesho yake. Sisi wa mapokezi tukawa tunawauliza akina mama mtoto alichanjwa lini, nao wanatuuliza sisi!

Mzee akaapa haizimwi tena. Lakini programu inayoiendesha, Linux, ina kiini, yaani moyo wake, na kiini kipya cha kuziba mianya ya wezi wa mtandaoni kikitoka, lazima kiwekwe. Wengine huzima na kuwasha. Yeye hukipakia kile kipya huku cha zamani kikiwa bado kazini, anatuambia tuhifadhi kazi zetu, kisha cha zamani kinakiachia kipya usukani. Hata feni haisimami. Alisema ni kama kumbadilisha mtoto nepi bila kumwamsha, na hapo tukaelewa wote.

Mara ya kwanza skrini ilipogeuka nyeusi, mhasibu alidhani mashine imekufa, akapeleka mkono kwenye swichi ili asaidie. Mzee, ambaye hatujawahi kumsikia akipaza sauti, alipiga kelele jengo zima likasikia: "Wee! Usizime!" Jina likaganda. Mhasibu mpaka leo anadai alikuwa anafuta vumbi tu.

Tulikuwa na wasiwasi: akiondoka, nani ataiweza? Wiki iliyopita kiini kipya kiliwekwa na dada fundi anayeshika nafasi yake, peke yake. Mzee alikataa hata kuchungulia. Alikaa nasi mapokezi, amempakata mtoto wa watu. Skrini zetu zikaganda. Zikarudi. Tukamwita mama aliyefuata kwenye foleni, kadi ya mwanawe ikafunguka. Mzee akamrudisha mtoto kwa mwenyewe, akasema, "Haya, sasa naweza kwenda."

Asante, baba yetu. Kapumzike na mama, afya iwe tele, na asubuhi zako ziwe za kulala mpaka utakapochoka mwenyewe.