Bi. Emily Mumbua na Bei ya Chaji Katangi

Bi. Emily Mumbua anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Januari, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukagua vipimo hapa Machakos.

Alianza na mizani za nyama. Wenye bucha wa Kangundo walimwita Mama Mawe, kwa sababu ya mawe ya kupimia aliyobeba kwenye kiondo. Akionekana tu barabarani, walisema, kilo hurudi kuwa kilo.

Pikipiki za umeme zilipofika, kazi ikageuka. Watu wa bodaboda wa Katangi walilalamikia kituo chao cha kuchaji: bei ilitajwa mtu akishachomeka waya, na stima ikipotea walitozwa ada ya kungoja. Ofisini tulitazamana. Mwenye kituo hicho alikuwa Ndunda, kaka yake mkubwa Bi. Emily. Mkuu wetu alitaka kumtuma mkaguzi mwingine.

"Akienda mwingine, Ndunda atasema nimejificha nyuma yake," Bi. Emily alisema, akachukua koti lake.

Mimi ndiye niliyefuatana naye. Alimwomba kaka yake aandike bei ubaoni na aiondoe ile ada. Ndunda alicheka. "Sasa wewe ndio utanifunza biashara?" Bi. Emily akakifunga kituo kwa mkono wake mwenyewe.

Ndunda hatimaye alitii, kituo kikafunguliwa, lakini hakumsemesha dada yake tena. Mama yao alipofariki, walisimama pande mbili za kaburi bila kusalimiana. Jumatatu iliyofuata Bi. Emily alikuwa kazini.

Mwaka jana tuliwaita wamiliki wa vituo kujadili kanuni za bei na ada. Wengi walipinga. Ndunda akainuka.

"Huyu dada yangu alinifungia, na nilikasirika sana," alisema. "Lakini tangu niweke bei ubaoni, watu wa boda wamerudi. Alikuwa na haki. Mama alikufa kabla sijamwambia dada hivyo."

Kanuni zilipita siku hiyo. Bi. Emily, ambaye hatujawahi kumwona akilia, alitoka nje. Ndunda akamfuata, nasi tukawaachia ua wa ukumbi.

Asante, Bi. Emily, kwa haki uliyoilipia nyumbani kwako. Nenda ukapumzike Katangi, karibu na kaka yako. Mungu akujalie afya na miaka mingi ya amani.